Kabla ya Kujenga Soko: Wananchi Wapange Kituo Chao cha Biashara



Kuna ombi moja ambalo kila mratibu wa miradi analifahamu, nalo hutoka zaidi kwenye sharika zilizo pembezoni mwa miji: "Tunaomba kujengewa soko." Ombi la namna hiyo huja na mchoro wa paa lenye nguzo, makisio ya mabati, nondo na saruji, na mhuri chini. Kinachokosekana ni watu. Hatuambiwi nani anauza pale kwa sasa, nani ananunua, saa ngapi, mwezi gani, wala kwa nini wengi hupita bila kusimama. Somo la robo hii linahusu hicho kinachokosekana.

Tumechagua Nambambo kuwa mfano wetu, kata ya wilaya ya Nachingwea iliyo pembeni mwa mji. Lakini wanakamati wa Ruangwa, Masasi na kwingineko wasifunge jarida hili. Kila penye barabara moja, safu ya fremu, magenge ya nyanya na dagaa, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, na mji ulio karibu kiasi cha kuwavuta wateja, somo ni lilelile. Vituo vya namna hii vina shida yao ya pekee. Haviko mbali na mji kama vijiji, ambavyo duka lake moja lina wateja wa uhakika. Wala si mji wenyewe. Mtu wa kituo cha pembezoni ananunua chumvi na vocha nyumbani kwake, lakini kitenge, dawa ya mikorosho na bati anavifuata mjini, na akishafika huko ananunua na chumvi.

Wilaya iliyozoea kupangiwa

Mji wa Nachingwea ulikua kutokana na mpango uliotungwa mbali sana. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga katika Kongwa, Urambo na huku Kusini. Pori lilifyekwa kwa matingatinga, reli ikajengwa kutoka pwani, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Januari 1951 mradi huo ulifutwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Reli nayo haikudumu, kwani ilifungwa mwaka 1962. Wilaya bado ina kata inayoitwa Stesheni, ingawa treni haipo.

Kizazi kilichofuata kikaona mpango mwingine, safari hii wa Taifa letu wenyewe. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kimojawapo kikiwa hapa Nachingwea. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imezalisha takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Viwanda vikawa tayari, korosho zikiwa hazipo.

Wazee wanaoketi kwenye mabaraza yetu wameyaona haya kwa macho yao, na ndiyo sababu huwa wagumu kusadiki mgeni anapofika na ramani. Tunawaelewa. Reli na kiwanda ni vitu vikubwa kuliko kituo cha biashara cha kata, lakini ugonjwa ulioviua unaweza kuua hata banda la vizimba ishirini: kujenga kabla ya kujua bidhaa itatoka wapi na nani ataifuata.

Kalenda ya fedha

Jambo la kwanza ambalo kamati inapaswa kulichora ni mwaka. Ramani ya eneo itafuata baadaye.

Nachingwea, Ruangwa na Liwale zinaunganishwa na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na pesa ya wilaya hizi hufuata mazao yanayopita kwenye maghala na minada. Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho huanza Oktoba hadi Januari. Malipo ya korosho yakishaingia, kila mtu anaijua sura ya kituo: pikipiki mpya, magodoro juu ya Canter, foleni kwa wakala wa fedha za simu, mafundi cherehani wanaokesha. Ikifika Februari mvua inanyesha, chakula cha zamani kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani, na mwenye duka anafungua daftari la madeni.

Daftari hilo ni waraka muhimu wa mipango kuliko takwimu nyingi tunazoletewa. Linaonyesha mwezi ambao wateja wanaanza kukopa, mwezi wanaolipa, na bidhaa gani hununuliwa hata pasipo fedha. Hakuna mwenye duka atakayekubali majina ya wadeni wake yasomwe mkutanoni, wala asiombwe. Aombwe aseme tu idadi kwa kila mwezi. Aidha, ni pale kwenye miezi ya njaa ndipo kangomba anapofika, akinunua korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kituo kinachokufa Februari hakimuumizi mwenye duka peke yake. Kinamsukuma mkulima kuuza msimu ujao kabla haujafika.

Kalenda hii pia ina miaka mibaya. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazoruhusu kuingia nchini mwake, na bei huku kwetu ikaporomoka. Novemba 2018 Serikali iliingilia ununuzi wa korosho na kutangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo ya wakulima wengi yalichelewa hadi mwaka 2019. Kamati inayopanga kituo iulize: mwaka kama ule, ni biashara zipi zilifunga na zipi zilibaki wazi? Zilizobaki ndizo nguzo. Mashine ya kusaga hubaki. Mama lishe wa karibu na zahanati hubaki. Fundi wa baiskeli hubaki. Mpango uanze kwa kuwatumikia hao kabla ya kuwafikiria wale wa msimu.

Kutembea kabla ya kusema

Wengi wetu tumefundisha kitabu cha Nehemia katika semina za maendeleo. Katika sura ya pili alikagua kuta usiku, akiwa na watu wachache, kabla hajamwambia yeyote anachokusudia. Katika sura ya tatu watu kadhaa walijenga mbele ya nyumba zao, na wafua dhahabu pamoja na wafanyabiashara wametajwa kuwa miongoni mwa wajenzi. (Wametajwa pia wakubwa wa Tekoa ambao hawakutia shingo zao kazini. Kila kamati ina Tekoa yake.)

Kwa kituo cha biashara tunapendekeza kazi ya siku tatu: siku ya kawaida, siku ya gulio kama lipo, na siku moja katika wiki ambayo malipo ya mazao yametoka. Vijana wawili wakae kwenye njia ya kuingilia kila upande, wakiwa na kopo na kokoto. Kila anayepita kokoto moja, kila anayesimama kununua kokoto ya rangi nyingine. Wahesabu asubuhi, mchana na jioni, kwa saa moja moja. Njia hii haihitaji kompyuta, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kumwaga kopo mezani.

Kisha waulizwe wapitaji maswali matatu tu: Umetoka wapi? Umenunua nini hapa? Ni kitu gani umekifuata mjini ambacho ungekinunua hapa kama kingekuwepo? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Majibu yake mara nyingi hayahitaji jengo lolote. Yanahitaji mtu mmoja aletwe: fundi wa simu, muuza dawa za mifugo, mwenye friji la samaki, wakala mwenye salio la kutosha. Wakati mwingine jibu ni kwamba bidhaa ipo, lakini njia ya kuifikia inajaa maji, au giza linaingia saa kumi na mbili na nusu na akina mama hawataki kubaki.

Baada ya hapo ndipo ramani ichorwe, chini, kwa fimbo na majivu, pale pale kituoni. Waiingize mitaro, mahali maji yanapotuama, choo kilicho karibu zaidi, mti unaotoa kivuli, kijiwe, mahali lori linapogeuzia, na upande wa jua la mchana. Mti wa mwembe usikatwe kwa haraka ya kupisha banda. Tumeona mabanda mengi ambayo wauzaji wameyaacha na kwenda kukaa chini ya mti.

Nani aitwe

Mkutano wa kupanga kituo ukiitishwa saa nne asubuhi, watakaofika ni wenye majengo na wazee wasio na biashara. Muuza maandazi yuko kazini tangu alfajiri, na muuza mchicha hawezi kuacha mboga ikinyauka. Hivyo basi mikutano iwe midogo na iende kwa watu: wauza mboga wakutane baada ya saa nane biashara inapopungua, bodaboda wakutane kijiweni kwao, wenye fremu jioni. Kila kundi lichague watu wawili. Ndipo wote wakae pamoja.

Mpangaji wa fremu na mwenye fremu wasihesabiwe kuwa kundi moja. Maslahi yao yanagongana mahali pabaya kabisa: kituo kikipendeza, kodi inapanda. Mwenye jengo anafurahi, fundi cherehani anahama.

Jambo jingine ni la imani. Kusini mwa nchi yetu Walutheri ni wachache kati ya majirani Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki. Kamati ya usharika inaweza kuanzisha mazungumzo, kutoa benchi na ukumbi, na kutunza daftari. Isijifanye mwenyeji wa soko. Imamu wa msikiti ulio karibu aombwe ushauri mapema, hasa kuhusu siku ya Ijumaa na mwezi wa Ramadhani, ambapo saa za biashara hubadilika kabisa na kituo huanza kuchangamka alasiri. Mpango usiojua Ramadhani umeusahau mwezi mmoja kati ya kumi na miwili.

Walichofanya Hanna Nassif

Wanaotaka kuona mpango wa wananchi ukifanya kazi mjini waangalie Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam. Ni eneo la makazi yaliyojengwa bila kupimwa, karibu na bonde la Msimbazi, na miaka ya mwanzo ya 1990 mafuriko yalikuwa yakiingia ndani ya nyumba. Wakazi waliunda umoja wao wa maendeleo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa na wataalamu wa chuo cha ardhi ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walijenga mitaro na barabara za changarawe kwa nguvu za mikono.

Kilicho cha pekee ni mikataba. Umoja wa wakazi haukukaa pembeni ukiangalia mkandarasi kutoka mjini. Wenyewe walipewa mikataba ya kazi, wakaajiri majirani zao, wanawake wakiwa wengi miongoni mwa vibarua, na fedha ya ujenzi ikazunguka palepale kabla ya kutoka. Tena walipanga mapema fedha ya matunzo itatoka wapi, ikiwa ni pamoja na mauzo ya maji na ushuru wa magari yanayoingia. Mtaro usiozibuliwa ni shimo la taka, na wao walijua hilo kabla ya jembe la kwanza.

Hata hivyo, tusisimulie kisa hiki nusu. Eneo lilipoboreka kodi za vyumba zilipanda, na baadhi ya wapangaji wakashindwa kubaki. Ndiyo maana tumesema juu kwamba mpangaji ahesabiwe peke yake. Kwa Nambambo tungependa, kabla ya shilingi yoyote ya mradi kutumika, wenye fremu wanaonufaika na mtaro au taa waandikishe makubaliano ya kutopandisha kodi kwa muda fulani, mbele ya Mtendaji. Muda gani, wajadiliane wenyewe. Sisi tungeomba miaka mitatu.

Jengo lililosubiri wateja

Upo mfano wa upande wa pili, nao unatugusa kwa jina. Watu wengi husema neno "machinga" lilitokana na vijana wa kwetu Kusini, kutoka Mchinga na mkoa wa Lindi kwa jumla, waliokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi. Kwa ajili yao likajengwa jengo la ghorofa kule Ilala, karibu na Karume, linaloitwa Machinga Complex, kwa mkopo wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii NSSF. Lilikamilika karibu na mwaka 2010. Kwa miaka mingi vizimba vingi vya ghorofa za juu vilikaa vitupu huku deni likikua, na wauzaji wakarudi barabarani.

Si kwamba wamachinga walikuwa wakaidi. Biashara ya mkononi huishi kwa mtu anayepita akielekea kituo cha daladala, ambaye hakutoka nyumbani kwa nia ya kununua soksi. Ukiipandisha soksi ghorofa ya pili, umemwondolea muuzaji mteja wake. Mama yeyote wa genge angeweza kulieleza hili kwa dakika mbili. Wamachinga walipopangwa upya nchini kote mwishoni mwa 2021, malalamiko ya sehemu nyingi yalikuwa yaleyale: eneo lipo, wateja hawapiti.

Kwa mantiki hiyo, vizimba vya kituo cha pembezoni vikae pale ambapo kokoto zilijaa kopo. Kama kiwanja kilichotolewa bure kiko mita mia tatu nyuma ya barabara, kwa maoni yetu kiwanja hicho ni ghali. Tungekitumia kwa maghala, mashine, au maegesho ya malori wakati wa korosho.

Neno moja kuhusu moto. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume Januari 2022. Kwenye ramani yenu acheni njia ambayo gari la maji linaweza kupita, na njia hiyo isigeuzwe meza hata msimu wa korosho.

Barabara ni ya nani?

Sehemu hii ni kavu lakini imevunja moyo wa kamati nyingi. Ulizeni kwanza kama barabara inayopita kituoni inasimamiwa na TANROADS au na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara chini ya sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kamba ya mita thelathini si ndefu kwenye karatasi, lakini ikinyooshwa kituoni huenda ikapita nyuma ya safu nzima ya fremu. Pimeni kabla ya kupanga. Banda la mfadhili lenye alama nyekundu ya X ni aibu yetu sote.

Mpango wenyewe ukikamilika uingie kwenye njia ya Serikali, usibaki kwenye kabati la usharika. Tangu mwaka 2002 kuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana kwa kifupi O&OD. Awali ulizaa orodha ndefu za mahitaji ambazo halmashauri hazikuweza kuzilipia, watu wakachoka kuorodhesha. Utaratibu ulioboreshwa miaka ya 2010 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA unaanza na kile ambacho jamii tayari inakifanya, kisha Serikali inaongeza nguvu. Hii ni nafasi nzuri kwa kituo: mnafika kwa mtendaji mkiwa mmeshazibua mtaro, si mkiwa na orodha.

Toka ngazi ya kijiji au kitongoji mpango unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake Mtendaji wa Kata, halafu halmashauri. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mpango unaofika Mei umekuta sufuria limeshaoshwa. Ufike kata kabla ya Novemba. Vikundi vya wauzaji viulize pia kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024.

Hesabu ya choo

Wafadhili hutuuliza kuhusu uendelevu, nasi huwa tunajibu kwa maneno mengi. Hapa tutajibu kwa hesabu. Tarakimu ni za mfano tu, kila kamati iweke zake.

Tuseme kituo kina wauzaji 40, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya choo na usafi, siku 26 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 208,000. Msafishaji analipwa 90,000, akiba ya kunyonya shimo 60,000, maji na sabuni 30,000. Matumizi ni 180,000, na inabaki 28,000. Kwenye karatasi mradi umesimama.

Sasa fungueni kalenda ya fedha. Kuanzia Februari hadi Mei wauzaji wanaofungua ni 22. Makusanyo ni 114,400 na matumizi hayapungui, hivyo kila mwezi kuna upungufu wa 65,600. Miezi minne ni 262,400. Hapa ndipo vyoo vya masoko hufungwa kwa kufuli, na kamati inaambiwa kwamba wananchi hawana mwamko.

Suluhisho likaletwa na wenyewe: msimu wa korosho, Oktoba hadi Januari, mchango uwe 300. Wauzaji 40 wanatoa 312,000 kwa mwezi, ziada ni 132,000, na kwa miezi minne ni 528,000. Upungufu wa masika umefunikwa mara mbili. Fedha hiyo ikae wapi, nani awe na ufunguo, na isomwe hadharani lini, ni mambo ya kuandikwa kwenye mpango kabla ya tofali la kwanza. Sisi tungependekeza VICOBA au benki, watia saini watatu, mmoja wao awe muuza mboga.

Tunachoomba kwa wafadhili

Tunajua jengo linapigwa picha vizuri kuliko kopo la kokoto. Lakini tunaomba mwaka wa kwanza wa mradi wa namna hii ulipiwe bila jengo: posho ndogo ya vijana wanaohesabu, nauli ya mpima ardhi, mafunzo ya kutunza daftari, na mtaro mmoja au choo kimoja ambacho wananchi wamekichagua na kukichangia. Umoja wa wauzaji uliotunza choo miezi kumi na miwili, ukapita salama masika, umeonyesha unaweza kutunza vizimba. Ulioshindwa umewaokolea mamilioni. Tena mkataba wa kazi upewe watu wa kituo pale wanapoweza, hata kama ripoti itachelewa mwezi mmoja.

Maswali ya kujadili katika kamati

Someni sura ya tatu ya Nehemia. Ni makundi gani ya kituo chenu yasingetajwa kama orodha ile ingeandikwa leo na kamati yenu?

Kwenye kituo chenu, ni biashara zipi zilibaki wazi mwaka 2018/19 malipo yalipochelewa? Nani kati ya wenye biashara hizo yumo katika kamati?

Chukueni kamba ya mita 30 mwende nayo barabarani. Imefika wapi?

Mwenye fremu na mpangaji wake wakikaa benchi moja kwenye mkutano, nani huzungumza kwanza, na je, yule wa pili huzungumza kabisa?

Hesabu ya choo iliyo hapo juu irudieni kwa idadi yenu ya wauzaji, mwezi wa Novemba na mwezi wa Machi, kisha mtuletee karatasi hiyo pamoja na ombi. Mchoro wa paa si lazima.